Komeo la Watu Wawili

Siku Mwalimu alipomfumania mumewe, alimfumania na kitabu.

Ilikuwa Jumamosi, saa nne hivi za asubuhi. Mume alikuwa amesahau simu juu ya friji, nayo haikuacha kulia, basi Mwalimu akaitia kwenye pochi na kumpelekea karakana. Mumewe alikuwa fundi wa kuchomelea: mageti, nondo za madirisha, ngazi za nje. Karakana yake ilikuwa banda la mabati lililoegemea ukuta wa duka la kutoa kopi, na kwa kawaida ukikaribia ulisikia kwanza mashine ya kukatia chuma ikilia. Siku hiyo mashine ilikuwa kimya. Mwalimu alisikia kicheko.

Fundi alikuwa ameketi juu ya kopo la rangi lililopinduliwa, miwani ya kusomea puani, ile ya kukinga cheche ameipandisha utosini, kitabu kimefunguka mapajani. Kando yake, kwenye stuli ya plastiki, alikaa mwenye duka la kopi, mjane wa makamo ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Fotokopi. Alikuwa ameinama, kidole chake juu ya ukurasa. Wote wawili walikuwa wanacheka mpaka mabega yanatikisika.

"Karibu, Mwalimu!" Mama Fotokopi akasimama na kufuta stuli kwa upindo wa gauni lake. "Keti, keti. Tunamalizia hapa tu."

Mwalimu alitazama jalada kabla hajatazama nyuso. *Bawabu wa Lango la Kusini.* Si kile kitabu chenyewe, kile kinene cha kurasa mia sita na arobaini. Hiki kilikuwa chembamba, kimefupishwa, kina michoro ya rangi kila ukurasa na maneno machache chini yake, kama vitabu vya watoto. Lakini hadithi ilikuwa ile ile, na hadithi ile Mwalimu aliihesabu kuwa yake.

Alikuwa ameifundisha miaka kumi na tisa katika shule ya sekondari ya wasichana. Wanafunzi walimwita Mama Bawabu walipodhani hasikii. Aliweza kukuambia ni ukurasa wa ngapi jeshi la adui linauzingira mji, ukurasa wa ngapi wanamteka binti wa pekee wa mlinzi wa lango, na wapi hasa bawabu yule, alfajiri, anaondoa komeo na kuliacha jeshi liingie ili arudishiwe mwanawe. Sehemu ya mwisho, ambamo bawabu anaishi miaka thelathini katika mji uleule akitemewa mate, bila kufungua kinywa kujitetea, alikuwa akiisoma darasani kwa sauti ya chini, na hakukuwa na mwaka ambao sauti yake haikukwama.

"Simu yako," alisema, akamkabidhi mumewe. "Imelia mpaka imechoka."

"Ahsante, Mwalimu." Fundi akafunga kitabu na kukisukuma chini ya mkoba wa vifaa, kama mtu anayeficha sahani aliyokula peke yake.

Hilo ndilo lililomuuma. Angekiacha mapajani, pengine mambo yangeishia pale.

Maana haikuwa kwamba hakujaribu. Mwaka wa kwanza wa ndoa alikuwa akimsomea kitabu kile kila jioni wakiwa kibarazani. Fundi alifika ukurasa wa nne, akakoroma. Wakarudia, akakoroma ukurasa wa pili. Mwalimu alikata tamaa taratibu, kama watu wanavyozoea bomba linalovuja, akajiambia ameolewa na mtu mwema asiyependa vitabu, na wapo walioangukia pabaya zaidi. Sasa mtu huyohuyo, kwa hiari yake, mchana kweupe, kazi ikimngoja, anasoma *Bawabu*, tena anacheka. Na anacheka na nani?

Alingoja jioni amwambie mwenyewe. Fundi alizungumza juu ya bei ya nondo, juu ya mteja aliyetaka geti lenye maua. Juu ya kitabu, kimya. Siku ya pili kimya. Siku ya tatu, Fundi alipokuwa anaoga, Mwalimu alifanya jambo ambalo hajawahi kulifanya katika miaka ishirini na mbili: alipekua mkoba wa mumewe.

Kitabu kilikuwa katikati ya tepu ya kupimia na glavu. Alikifungua akiwa amesimama, sikio moja likisikiliza maji ya bafuni. Pembeni mwa kurasa palikuwa na maandishi ya penseli, ya mviringo, ya kike: "Hapa nililia mimi." Mbele kidogo: "Ukifika hapa usiendelee. Njoo kwanza tujadili." Na chini yake, kwa herufi kubwa za mtu aliyezoea kuandika vipimo: "NIMEFIKA."

Wivu una namna nyingi za kumwingia mtu. Kama angeliona neno "mpenzi", Mwalimu angejua la kufanya; angepiga kelele, angeita ndugu, angefunga virago. Lakini afanye nini na "NIMEFIKA"? Alirudisha kitabu mahali pake na kukaa kitandani, kijiba kimemkaa rohoni.

"Siku hizi unasoma?" alimuuliza mumewe wakati wa chai, kwa sauti aliyoilainisha mno.

"Mimi? Aa, ni picha tu zile," Fundi alisema, na kunyanyua kikombe kikamziba uso.

Kesho yake Mwalimu alichukua karatasi za jaribio na kwenda nazo kwa Mama Fotokopi. Mashine ya shule ilikuwa imeharibika tangu mwezi uliopita, kwa hiyo sababu alikuwa nayo. Ukiacha sababu, alikuwa amevaa ile blauzi yake ya vikao.

Duka lilikuwa dogo, lina joto la mashine na harufu ya wino. Nyuma ya kaunta palikuwa na rafu moja ya vitabu vya picha, vyote vya hadithi kuu za zamani zilizofupishwa, vimevikwa majalada ya nailoni. Mama Fotokopi alivinunua mumewe alipofariki na jioni zikawa ndefu; alikuwa ameacha shule mapema, vitabu vikubwa vilimtisha. Akimaliza kimoja alikiazima kwa yeyote aliyekuwa akingoja kopi zake. Fundi alikuwa mmoja wa hao.

"Mwalimu, mumeo ana kichwa!" alisema, akilisha mashine karatasi. "Wewe umejaliwa. Unajua amegundua nini?"

"Ameniambia," Mwalimu alidanganya. "Lakini hebu niambie na wewe."

"Lile komeo! Tulifika kwenye picha ya lango, akaitazama, akaitazama. Akaniambia, Mama, mimi natengeneza mageti. Komeo refu namna hii, limekaa kwenye vishikio viwili virefu namna hii, haliondolewi na mtu mmoja. Ukiinua ncha hii, ile inabana. Lazima watu wawili, wanyanyue pamoja. Nikamwambia, labda mchoraji kakosea. Akasema, labda, lakini fungua ukurasa unaofuata. Nikafungua. Asubuhi yake mke wa bawabu amefungwa kitambaa begani, hawezi kuinua mtungi. Fundi akaniambia, bega hilo nalijua, mimi hulipata kila nikibeba geti na mtu mfupi kuliko mimi." Mama Fotokopi alijipiga paja. "Mke ndiye aliyemsaidia, Mwalimu! Yule baba miaka thelathini anatukanwa, hasemi kitu, maana akisema tu wataanza kuuliza nani alishika upande wa pili. Siku ile ulipotukuta tulikuwa tunajicheka, watu wazima tunapiga kelele kwa ajili ya picha."

"Ndiyo, ndiyo," Mwalimu alisema. "Hilo linajulikana."

Halikujulikana. Alifika nyumbani hakuvua hata viatu, akashusha kitabu chake kikubwa. Sura ya tatu: *komeo la Lango la Kusini lilikuwa komeo la watu wawili.* Sentensi hiyo aliijua kwa moyo. Sura ya ishirini, bawabu analiondoa, na hakutajwa mwingine. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amewaambia wanafunzi kwamba hapo mwandishi alisahau, kwamba hata wakubwa husahau. Na bega la mke? Alikuwa amewafundisha kuwa ni huzuni, mwili ukibeba uchungu wa moyo. Kimya cha bawabu alikiita kiburi. Aliwahi kumpa msichana mmoja sufuri kwa kukiita upendo.

Alisoma mpaka chai ikapoa. Kila kitu kilikaa mahali pake, kimoja baada ya kingine, na kila kilipokaa alizidi kuumia. Laiti mumewe angemwambia yeye! Laiti angeingia jikoni na mikono yake michafu akasema, Mwalimu, hebu njoo uone. Neno lile lilikuwa limezaliwa nje ya nyumba yake, kwenye stuli ya plastiki, likapewa mwanamke asiyejua hata thamani yake.

Labda ndivyo alivyojidanganya wiki mbili baadaye, katika mkutano wa walimu wa fasihi wa shule za jirani. Alikuwa amepangiwa kuzungumza dakika ishirini. Alisimama na karatasi zake tano zilizochapwa vizuri, akasema, "Kwa muda mrefu tumemsingizia mwandishi kuwa alisahau. Mimi nadhani hakusahau." Akaendelea na komeo, vishikio, bega, mtungi, kimya. Alitaja kila kitu isipokuwa karakana.

Alipomaliza, ukumbi ulilipuka makofi. Mkaguzi, mzee mkavu asiyesifu mtu, alivua miwani. "Miaka yote hii," alisema. "Miaka yote hii lilikuwa mbele ya macho yetu. Mwalimu, karatasi hiyo nataka kila shule ipate."

Furaha ile ilikuwa tamu kweli, na ilidumu siku mbili nzima.

Siku ya tatu karani wa shule alitumwa kutoa nakala arobaini za karatasi ile. Mashine ya shule bado ilikuwa mbovu. Akaenda kwa Mama Fotokopi.

Jioni Fundi aliingia nyumbani jua likiwa bado kwenye kuta za jikoni. Alinawa mikono kwa sabuni ya unga kama kawaida yake, kidole kwa kidole, akaikausha, kisha akatoa karatasi mfukoni na kuikunjua juu ya meza.

"Umeandika vizuri," alisema. "Nimeelewa kila neno."

Mwalimu hakuweza kumtazama. "Nilitaka kukwambia."

"Lini?"

Mwalimu aligeukia sinki.

"Mama Fotokopi alinisomea kwa furaha," Fundi alisema. "Alidhani tumeandika pamoja, mimi na wewe. Akawa anatafuta jina langu. Ametafuta mpaka nyuma ya karatasi. Nikaona haya kwa niaba yako."

Afadhali angepiga meza. Kilichomtoka Mwalimu hakikuwa radhi.

"Na wewe kwa nini ulimwambia yeye?" Sauti ilimpanda. "Nimekaa na kitabu hiki ndani ya nyumba hii miaka ishirini na mbili! Nimekusomea, nimekubembeleza! Ukaja kukisoma na mwanamke wa kopi, kitabu cha watoto, mkajadili, mkaandikiana pembeni! Mimi nilikuwa wapi? Ungeniambia mimi hilo neno kwanza, ningekubeba mgongoni mtaa mzima!"

"Ungenisahihisha," Fundi alisema.

"Nini?"

"Unakumbuka walimu wenzako walipokuja hapa, mwaka ule tulipohamia? Nilikuwa nimejikaza, nimesoma kurasa kumi peke yangu karakana, nikuonyeshe. Nikasema mbele yao, hadithi ya huyu bawaba inanigusa. Ukasema, 'Bawabu, mume wangu. Bawaba ni ile ya mlangoni.' Wakacheka wote. Na wewe ulicheka."

Mwalimu alikumbuka kicheko, mengine hakuyakumbuka. Kwake ulikuwa utani mdogo wa mezani. "Ulikuwa utani," alisema kwa sauti ndogo.

"Ndiyo. Mimi nafunga bawaba kila siku, ulimi umelizoea hilo neno." Fundi alivuta kiti akaketi. "Yule mama hajui kitu, na mimi sijui kitu. Tunafungua ukurasa wote tunashangaa. Ndiyo maana tunacheka. Nikiwa na wewe najiona niko kwenye mtihani. Sikukuficha kwa ubaya, Mwalimu. Nilitaka nimalize kwanza, nije kwako nikiwa nimemaliza."

Alilia wakati huo, akiwa amesimama kwenye sinki, na Fundi hakuja kumshika. Alikuwa na haki yake ya kukasirika na aliitumia yote. Kwa siku nne waliongea mambo ya lazima tu: gesi imekwisha, nipishe nipite.

Siku ya tano Mwalimu aliandika barua kwa Mkaguzi. Aliichana mara tatu, kwa sababu kila mara ilitoka ikiwa na visingizio. Ya nne ilikuwa na mistari sita. Aliandika kwamba wazo lile si lake, ni la mumewe, fundi wa mageti, aliyelipata kwenye toleo la picha la hadithi ile, akisoma na jirani yake. Na kwamba alilichukua bila kumuuliza. Barua moja haikumtosha Mkaguzi. Katika mkutano uliofuata alimtaka aseme mwenyewe, na Mwalimu akasimama palepale alipopigiwa makofi, akasema yote. Nyuma mtu alikohoa kicheko. Mwalimu mmoja kijana akanong'ona, na si kwa chini sana, "Kumbe Mama Bawabu anapewa majibu nyumbani."

"Basi," Mkaguzi alisema kwa ukavu wake uleule, "huyo fundi aje. Sisi wengine tumesoma kitabu kizima tukapitwa. Nataka atuonyeshe."

Fundi hakutaka. Alisema ana kazi, akasema hana shati, akasema wasichana watamcheka. Mwishowe alikubali kwa sharti moja: asisimame mbele kuhutubia, afanye kazi tu. Alikwenda shuleni Jumatano na bomba la chuma la mita tatu, vishikio viwili alivyovichomelea jana yake, na begi la boliti. Alifunga vishikio kwenye fremu ya mlango wa darasa, akalaza bomba, akamwita msichana mwenye nguvu kuliko wote.

"Fungua."

Msichana alivuta, akasukuma, akainua upande mmoja. Upande wa pili ukang'ang'ania. Darasa likamshangilia na kumzomea kwa pamoja. "Sasa mwite rafiki yako," Fundi alisema. Wakaja wawili, wakahesabu moja, mbili, tatu, na bomba likatoka kama si kitu.

Wasichana arobaini walikuwa wameinama mbele kwenye madawati yao, midomo wazi, wakimtazama mumewe. Miaka kumi na tisa aliwasomea kwa sauti ya kukwama na wengine walikuwa wakichora kucha. Alisimama karibu na dirisha, akaona fahari na kijicho vikimpanda kwa pamoja, na hakuweza kusema kipi kimetangulia.

"Fundi," msichana mmoja wa mbele aliuliza, "nani alikufundisha kukisoma hiki kitabu?"

Mwalimu alishika ukingo wa dirisha. Fundi alijikuna shavu.

"Jirani yangu, Mama Fotokopi, ndiye aliyeniazima," alisema. "Tulikisoma pamoja, cha picha. Kile kikubwa ndio nakianza sasa. Niko ukurasa wa kumi na sita, kwa hiyo msiniambie mbele."

Hakumtaja mkewe. Hakukuwa na sababu ya kumtaja, na Mwalimu alijua hivyo, na bado alijisikia kama mtu aliyesomewa orodha mpaka mwisho asisikie jina lake.

Walirudi wote kwa miguu, Fundi amebeba bomba begani, yeye amebeba begi la boliti. Walipita nyumba tatu nne zenye mageti ya Fundi mwenyewe.

"Jumamosi mnasoma?" Mwalimu aliuliza.

"Tunaanza kingine. Cha yule mfalme na farasi wake watatu."

"Hicho sijawahi kukifundisha. Sijawahi hata kukisoma."

"Kweli?" Fundi alisimama, akageuka na bomba lake, karibu limpige mpita njia. "Wewe?"

"Kweli." Alihamisha begi mkono wa pili. "Naweza kuja?"

Fundi aliweka bomba sawa begani. "Njoo," alisema. "Ila mwenye kitabu ni Mama Fotokopi, na yeye ndiye anayefungua kurasa."

Alikwenda. Mama Fotokopi alimletea kiti kutoka dukani, kiti kizuri chenye mgongo, na kwa kukaa kwenye kiti kile Mwalimu alijikuta juu kuliko wenzake, akalazimika kuinama ili aone picha. Ukurasa wa tatu Fundi alisema kitu juu ya kwato za farasi wa pili, na Mama Fotokopi akajibu, "Kama yule wa posta!" na wote wawili wakaangua kicheko mpaka kitabu kikataka kuanguka. Ilikuwa habari ya zamani baina yao, ya siku ambazo Mwalimu hakuwepo. Hakuna aliyemweleza. Alitazama kwato, akatazama nyuso zao zilizolowa machozi ya kucheka, kijiba kikampiga rohoni, palepale pa siku zote.

"Posta gani?" aliuliza.

Wakaanza kumweleza, wote kwa wakati mmoja, wakikatizana, na alipofika mahali pa kuelewa naye akacheka, amechelewa kidogo.